Tulikuja Mwaka Mmoja, Mbona Yeye Kanipita?

Mambo vipi wanangu, na wakubwa zangu shikamooni. Leo sina matembezi ya kuwaonyesha. Hapa Minneapolis baridi imetukalisha ndani, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo tupige soga tu.

Nina mdogo wangu yuko jimbo jingine hapa hapa Marekani. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti, mrefu, sauti yenyewe ya mtu aliyekata tamaa. "Kaka, fulani tulikuja mwaka mmoja. Ana gari, ana nyumba, mkewe kamleta. Mimi bado nalala sebuleni kwa watu. Nimelogwa au?"

Nikamuuliza: huyo fulani alikuja kwa makaratasi gani? Kimya.

Hapo ndipo penye mambo. Nyumbani mnatuita wote watu wa majuu, utadhani tulishuka basi moja. Wapi! Aliyepata bahati nasibu ya Green Card akitua tu anaruhusiwa kufanya kazi, mchana hospitali, usiku ghalani akabebe boksi. Baada ya miaka 5 anaomba uraia. Mwenye viza ya mwanafunzi, chuo kikiwa wazi, anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, tena kazi za hapo hapo chuoni. Na ada ya mgeni hapa usiombe. Aliyejilipua, yaani aliyeomba hifadhi ya ukimbizi, naye ana kesi kwenye foleni, hajui ataitwa lini. Sasa hawa uwapange mstari mmoja useme huyu hodari, huyu mvivu? Mdogo wangu ni mwanafunzi. Fulani wake, tulivyokuja kuulizia, ana Green Card.

Halafu hilo gari. Jamani, gari hapa si kipimo cha chochote. Watu wanachukua kwa mkopo wa miezi 72, wengine 84. Kama ni mgeni, huna historia ya mikopo, riba wanakukamua haswa. Nyumba ndiyo kabisa, mkopo wa miaka 30. Simsemi vibaya fulani, huenda analipa vizuri na hana shida. Ninachosema, kwenye picha mnamwona yeye kaegemea gari kwenye theluji. Barua ya benki inayokuja kila mwezi hapigi nayo picha.

Kilichonitisha hasa ni kwamba dogo alishaanza kutafuta kazi ya kulipwa mkononi, nje ya chuo, ili amfikie mwenzake. Akikamatwa anapoteza viza, na masomo yote yameishia hapo. Na mwenzake wala hajui kama anashindana na mtu!

Mimi nilianza na CNA, yaani msaidizi wa nesi, kuogesha na kulisha wazee. Sheria inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, ukifaulu na mtihani wake, basi, unaingia kazini. Kazi yenyewe niliizoea haraka. Simu ndiyo ilikuwa kiboko. Nikiambiwa nimpigie nesi wa zamu nimpe ripoti, jasho linanitoka, namtafuta dada mmoja Mkenya aniongelee. Siku hizi napiga mwenyewe, nataja presha, sukari, mapigo ya moyo, na akinibana kwa maswali namjibu. Kitu kama hicho utakipostije? Lakini ndicho kilichonipa moyo wa kwenda kusomea LPN, yaani unesi wa ngazi ya chini wenye leseni. Mtihani wa leseni, NCLEX, bado sijaufanya, kwa hiyo msianze kuniandika "daktari" kwenye kadi za michango.

Na msidhani sisi hatuwaonei wivu nyinyi. Niliyesoma naye sekondari kapaua Goba, kule Dar, bati la msauzi linang'aa, wanawe wanamwamkia kila asubuhi. Mimi kila mwezi namjengea mwenye nyumba wangu. Nikitoka zamu ya usiku nikakutana na picha ile, inauma, sidanganyi. Ila nakumbuka msingi wake ulivyokaa miaka umeota majani, na sisi sisi tukilicheka lile pagale.

Basi nikamwambia dogo amwache fulani na gari lake, achukue daftari aandike anachokiweza leo ambacho mwaka jana kilimshinda. Alianza kwa kununa, mara akanitumia kurasa mbili. Anasoma takwimu, na kuna profesa kamwomba awasaidie wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa malipo. Kazi halali, ndani ya chuo, na alikuwa hajamjibu! Akimaliza digrii anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi ya fani yake miezi 12, na kwa masomo kama yake kuna nyongeza ya 24. Huo ndio mlango wake. Fulani hakupitia huko.

Profesa kajibiwa jana. Na nyinyi mlio kwenye viza ya mwanafunzi, kabla ya kuchukua kazi yoyote pitieni kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwenu. Wenye maswali ya CNA na LPN nitumieni, video ijayo nitayajibu yote. Sasa naenda kupika ugali, usiku nina zamu.