Pistoni Iliyoshuka Kisumu

Hamjambo. Pistoni hii naipitisha, anzieni mstari wa mbele. Pitisha kidole juu ya kichwa chake, pale palipotobokatoboka kama ubao ulioliwa na mchwa. Halafu igeuze ubavu: ule ukingo unaoshika ringi ya kwanza umemeguka. Usiharakishe. Itazame kwanza, kisha mpe jirani.

Swali mliloniitia naulizwa kila wiki gerejini: fundi, nityuni gari mwenyewe, yaani nirekebishe injini livute zaidi, au nimlipe mtaalamu? Na kila wiki najibu kwa swali: utapima na nini? Kijana ananitazama kama nimemkwepa. Sijamkwepa. Hilo ndilo jibu lenyewe.

Hiyo pistoni ni ya gari langu. Lilikuwa la kabureta, inayochanganya petroli na hewa, na distributa, inayogawa cheche kwa silinda, injini ya cc 1,600, nililinunua kwa jasho. Sasa, hapa Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari. Shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, kwa hiyo gari lisilo na turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, linavuta pumzi fupi. Mimi nilitaka likimbie. Nikalegeza bolti ya distributa, nikaizungusha kidogo kidogo ili cheche ije mapema zaidi. Taa ya tayamingi, ile ya kupimia wakati wa cheche, ilikuwa kabatini na sikuitoa. Nilisikiliza tu. Kila nikizungusha, injini inachangamka. Nikakaza bolti, nikapanda nalo Milimani, likapanda kama lililoshiba ugali. Nilifurahi sana siku hiyo, siwafichi.

Jumamosi iliyofuata tukaenda harusini Kisumu, watu watano na mizigo. Kwenda, salama. Kurudi, jua la saa nane, tumetoka Ahero, tumepita Awasi, barabara inaanza kupanda kuelekea Kericho. Nikakanyaga mafuta. Nikasikia kama mtu anatikisa sarafu ndani ya mkebe. Shemeji yangu aliyekaa mbele akauliza, "Fundi, hiyo ni nini?" Nikamwambia ni valvu tu, gari la zamani. Kisha nikaongeza sauti ya redio. Hatukufika Kericho. Moshi wa buluu ulijaa nyuma yetu, gari likaisha nguvu, bibi harusi wa watu tuliyekuwa tumemsifu njia nzima akasahaulika.

Kilichotokea ni hiki. Kisumu iko kama mita 1,130. Hewa yake ni nzito kuliko yetu na ina joto zaidi. Silinda ikajaa kuliko inavyojaa Nakuru, na cheche yangu ikawa inawasha wakati pistoni bado iko mbali na juu. Shinikizo likapanda hadi mafuta ambayo moto haujayafikia yakalipuka yenyewe pembeni. Huko ndiko kugonga, au kunoki. Huku kwetu mtu husema injini imenoki ikishakufa, lakini ilianza kunoki pale Awasi, ikaniita, nami nikaongeza redio.

Mnaniambia mna sikio zuri. Haya. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde. Nyuzi 5 za tayamingi hapo ni chini ya theluthi ya milisekunde. Nani hapa ana sikio hilo? Na hata sarafu ukizisikia, umesikia pistoni ikiliwa tayari.

Najua yuko anayesema moyoni: hayo ni ya distributa, langu lina kompyuta na sensa ya kugonga, litarudisha tayamingi lenyewe. Litarudisha kwa kadiri ramani iliyomo, lile jedwali la cheche na mafuta ndani ya kompyuta, inavyoruhusu. Lakini wewe umeshusha faili ya ramani nyingine kwenye simu, na aliyeiandika aliliandikia gari la Japani linalokunywa petroli ya premiamu, ambayo kwa kiwango cha kwao haipaswi kupungua oktani 96, yaani kipimo cha petroli kustahimili kugonga. Super ya kawaida kwenye pampu zetu haijawekewa kiwango hicho. Tayamingi iliyostahimiliwa kule itagonga hapa, na sensa itakimbizana nayo mlima mzima.

Na msiniambie turbo haijali mwinuko. Iagize ifikishe shinikizo la baa 2, ukihesabu na la hewa ya nje, kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Mombasa itakandamiza hewa mara 2. Nakuru, ambako hewa ina kama baa 0.81, itakandamiza karibu mara 2.5. Ukipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni karibu mara 2.8. Turbo ni ileile, sasa inazunguka kwa kasi zaidi na kutema hewa ya moto zaidi. Mwenye faili hajawahi kuiona Timboroa!

Basi nimlipe mtaalamu? Mlipe, ukishajua unalipia nini. Anayekutumia faili bila kuuliza umefunga injekta gani, plagi gani, unajaza petroli gani na unapanda mlima upi, huyo ni mchuuzi wa faili, na tofauti yake na simu yako ni bei. Anayetyuni kweli anafunga sensa pana ya oksijeni, inayopima uwiano wa hewa na petroli, kwenye eksosi, anaendesha, anarekodi, anabadilisha namba chache, anarekodi tena. Hata akiwa Nairobi na wewe Kisumu, anadai rekodi za gari lako kabla ya kugusa chochote. Anataka kuona karibu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli ukitembea polepole, na karibu 12.5 ukikanyaga hadi mwisho. Sensa ya kawaida iliyokuja na magari mengi inajua tu kama uko juu au chini ya ile 14.7. Kwa hiyo ukityuni injini kwa kuitegemea hiyo, unatembea gizani.

Pesa, ndiyo. Ni nyingi, nakubali. Lakini kijana huyohuyo anayelia bei ya tyuni amenunua rimu na spika, na mimi ndiye ninayemfanyia ovahoo.

Sijasema mtu asiguse gari lake. Nunua sensa pana, jifunze kusoma rekodi, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, hifadhi faili ya mwanzo, na mimi mwenyewe nitakuita fundi. Kwa bodaboda vilevile: kuna jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli kwenye kabureta, za namba tofauti, zibadilisheni. Mnaotanua jeti kwa waya, naomba mwache leo. Tundu likishapanuka halirudi, na hujui umelipanua kiasi gani.

Naonyeshwa saa. Ya kupasua eksosi kama risasi, kwa kifupi: hayo ni mafuta yanayoungua nje ya silinda, na valvu na turbo ndizo zinazolipa.

Plagi lakini siachi. Kauri yake, ile inayozunguka ncha ya cheche, ikiwa hudhurungi kama biskuti, endelea na safari. Nyeusi yenye masizi, mafuta ni mengi. Nyeupe kama chaki, mafuta ni machache na moto ni mkali. Ukiona vijidoa vinavyong'aa kama vumbi la fedha juu ya kauri, hiyo ni alumini ya pistoni yako. Usiliwashe gari tena, hata kulirudisha nyumbani. Livute kwa kamba.

Pistoni imefika nyuma? Irudisheni huku. Wenye pikipiki, spana ya plagi ninayo. Injini zikishapoa tutazifungua moja moja pale nje kwenye mwanga, tuzisome.