Kucha Inabandukia Mezani

Mhadhara kwa mafundi kucha na wateja wao, Sinza, Dar es Salaam

Haya, tukae jamani. Mlioko mlangoni sogeeni huku mbele, feni ipo. Hiyo feni yenyewe ina kesi yake, nikipata muda nitaisoma.

Najua mlichofuata. Wenye saluni mmekuja ili niwaambie wateja waache kuzitesa kucha, maana kila siku wanawarudia na kucha za kubandika zimeachia. Wateja nanyi mmekuja ili niwaambie mafundi waache gundi feki. Leo nitawaudhi wote, ila mafundi nitawaudhi zaidi. Waliowahi kunisikia Tabata na Mbagala wanaujua msimamo wangu, wanaweza hata kusinzia kidogo: kucha ikiachia ndani ya wiki moja, tena ikaanzia huku nyuma kwenye mzizi, haikuachia nyumbani. Iliachia hapa hapa mezani, mteja hajalipa. Ilikuwa inasubiri tu siku ya kuaga.

Nani humu amewahi kumwangalia fundi pancha akifanya kazi? Simaanishi kumpita, namaanisha kusimama ukamwangalia. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji meusi, anatafuta povu. Akiliona anaweka kidole. Sasa tazama, hakimbilii kiraka. Anakausha kwanza. Ukimharakisha anakununia. Anachukua msasa, anakwangua pale penye tundu, kipande cha kutosha kiraka tu, mpaka ule ung'avu wa mpira utoke. Anapaka solusheni, halafu anasubiri! Anapiga stori za Simba na Yanga huku solusheni inakauka. Ndipo anabandika. Na kiraka hicho kitabeba bodaboda, abiria wawili na gunia la mkaa kutoka Mbagala mpaka Kariakoo. Huyo hana cheti cha kozi. Sisi tuna vyeti ukutani, vimewekewa fremu, na tunabandika juu ya maji.

Ndiyo, nazungumzia beseni. Lile la maji ya vuguvugu, sabuni yenye harufu nzuri na vipande vya limau vinaelea juu. Mteja anaweka mikono, anafumba macho, anajisikia malkia. Na kucha yake inakunywa.

Kucha hii mnayoiona ngumu ni tabaka juu ya tabaka za keratini, ile ile ya nywele na ya pembe ya ng'ombe, na unene wake ni kama nusu milimita. Inakunywa maji. Ikishakunywa inavimba, inalainika, na upinde wake unabadilika kidogo. Ukiibandikia jeli au akriliki, zile bidhaa za kutengenezea kucha bandia, ikiwa hivyo, umempima mtu gauni akiwa ametoka kula pilau. Baada ya saa chache maji yanatoka, kucha inarudi kwenye umbo lake, lakini akriliki imeshakuwa ngumu, haina habari, haifuati. Hapo katikati kunabaki mpenyo usiouona kwa macho. Maji ya kuoshea vyombo yatauona.

Hili sikulisoma mahali. Nililipia kwa aibu.

Miaka kumi na kitu iliyopita niliitwa kwenye harusi Magomeni. Bibi harusi alikuwa ndani wiki nzima anasingwa. Mabinti msiojua singo waulizeni shangazi zenu, mimi sina muda. Somo yake anamsugua asubuhi na jioni, singo, liwa, mafuta, manukato, mpaka mtoto anang'aa kama sahani mpya. Ijumaa nikafika na mkoba wangu na maringo yangu. Nikamloweka mikono dakika ishirini, maana nilitaka wale wamama waone huduma. Nikasukuma ngozi, nikafuta kwa pamba kavu. Pamba kavu! Nikambandika kucha kumi ndefu nyeupe zenye vijiwe. Vigelegele. Nikalipwa, na bahasha juu.

Jumamosi usiku, ukumbini, saa ya keki. Bibi harusi anamlisha bwana harusi, mkono unarudi, kucha ya kidole cha shahada haikurudi. Bwana harusi anatafuna kitu kigumu, anadhani ni ganda la yai. Na MC ameona. Mnawajua ma-MC wa mji huu. Ilipofika saa ya kupiga picha na wazazi zilikuwa zimebaki sita.

Asubuhi somo akanipigia simu. Hakunitukana. Mabibi wa pwani hawatukani, wanauliza tu. Akaniambia, "Mwanangu, kwani ulibandika kwa uji?"

Mnadhani nilijilaumu? Nilimlaumu mwenye duka la gundi. Nikabadilisha gundi mara tatu, Kariakoo walinichoka. Mwisho nikajifanyia jaribio. Mwanafunzi wangu akanibandika. Mkono wa kushoto tukauloweka dakika ishirini kama wa yule bibi harusi. Wa kulia tukauosha kwa sabuni upesi, tukaukausha, tukasubiri, tukafuta kwa pamba isiyoacha nyuzi iliyotiwa spiriti. Akriliki ile ile, siku ile ile, fundi yule yule. Kidole gumba cha kushoto kiliachia siku ya nne. Za kulia zilikaa mpaka wiki ya tatu nikaenda kuzijaza. Tangu siku hiyo beseni langu lina kazi moja tu, miguu.

Naona dada yule ananitazama kwa jicho la pembeni. Unataka kusema, "Wengine wanakuja wametoka Feri, mikono inanuka samaki, nisiwaoshe?" Waoshe! Nani kakukataza? Sabuni, brashi, maji yanayotiririka, dakika moja, taulo safi. Kuosha na kuloweka ni vitu viwili. Na aliyetoka kufua ndoo tatu za nguo usimrukie, mpe soda, akae kwanza, kucha zikauke. Mwingine anasema, "Mbona kwenye video wanaloweka?" Yule anapaka rangi, na rangi akiiharibu anaifuta. Wewe unabandika kitu ambacho mtu anataka kukaa nacho wiki tatu.

Na mafuta ni ndugu wa maji. Msusi uliyetoka kusuka, vidole vyako vina mafuta ya nywele, kisha unamshika mteja kidole. Umeshafuta kwa spiriti vizuri, halafu unapitisha kidole gumba juu ya kucha "kuona kama iko laini". Kwisha kazi! Umerudisha mafuta, rudia kufuta.

Jambo la pili ni utando. Kila kucha ina ngozi hai pale mzizini, na chini yake kuna utando mwembamba wa ngozi iliyokufa, umelala juu ya kucha kama ukungu. Ile ngozi hai msiikate, mnawatoa watu damu na mnafungulia vijidudu mlango. Utando uliokufa ndio unaotakiwa kutoka. Sukuma ngozi hai taratibu, kwangua utando juu ya kucha na pembeni kwenye kona, kwenye kona hasa, maana huko ndiko watu wanakopita haraka. Ukibandika juu ya utando umebandika kwenye kitu ambacho chenyewe hakijashika. Nyumba za karibu na bahari ukutani hutoka chumvi, mnaijua. Paka rangi ya bei yoyote juu ya chumvi ile, haifiki mwisho wa mvua za masika.

Na bidhaa isiguse ngozi. Acha nafasi nyembamba kama uzi. Ikipanda kwenye ngozi, ngozi inasogea, inakua, ina mafuta yake, inainua ukingo, maji yanaingia. Hiyo ni ya kuachia tu. Jeli mbichi ikiwa inagusa ngozi kila mara inaweza pia kumletea mtu mzio, vidole vinawasha na kuvimba, na mzio huo ukishaingia hauondoki kirahisi. Nyie mafundi mko hatarini kuliko mteja, ninyi ndio mnaoishika kutwa.

Sasa kuna fundi ameshanijibu moyoni: "Mimi zangu haziachii kabisa." Hebu nikuulize unazishikishaje. Kama unasugua kucha kwa mashine mpaka mteja anaruka kwenye kiti, hujaandaa kucha, umeimaliza. Lile joto analolisikia taa ya kukaushia jeli ikiwaka linazidi kucha ikibaki nyembamba. Msasa ni wa kuondoa ung'avu, basi. Kumbuka fundi pancha, hakwangui mpaka atoboe tyubu ya pili.

Au unatumia yale maji ya akriliki ya chupa isiyo na lebo, yenye harufu inayokufuata mpaka kwenye daladala. Kuna kemikali inaitwa MMA, ndugu wa vifaa vya kutengenezea meno bandia na saruji ya mifupa. Inashika kweli, sibishi. Tatizo ni kwamba inashika kuliko kucha yenyewe, ukijigonga mlangoni haivunjiki yenyewe, inang'oka na kucha yako. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilipokea malalamiko ya watu walioharibika kucha na ngozi, ikafika mahakamani, na bidhaa zilizokuwa MMA tupu zikaondolewa sokoni. Mafundi makini wanatumia kemikali nyingine, inaitwa EMA. Dalili ya MMA ni rahisi: unaiweka kwenye asetoni haiyeyuki ila kwa tabu sana, na msasa unateleza juu yake. Mteja uliza. Fundi akikasirika kwa kuulizwa, ondoka na mkono wako.

Ehe, naona karatasi ya dakika tano. Mnanipa dakika tano na sijagusa nusu! Haya, mbio.

Feni: inapuliza vumbi la msasa likae juu ya kucha uliyoisafisha. Igeuze. Joto letu pia linafanya akriliki ikauke upesi kabla hujaitandaza, kwa hiyo chukua tone dogo dogo.

Umeme: taa ikikatika katikati usihesabu "karibu imeiva". Anza upya. Jeli ya nje imekauka, ya ndani bado mbichi, hiyo itaachia na ndiyo inayoleta mzio niliousema. Na kila jeli ina taa yake inayoielewa, si kila taa ya bei rahisi itaiivisha.

Urefu: mfanyakazi wa jikoni hawezi kukaa na kucha ya sentimita tatu. Kitu kirefu ni wenzo, ukigusa ncha kidogo, nguvu yote inaenda mzizini.

Kujaza: kucha ya mkono inakua kama milimita tatu kwa mwezi. Wiki ya pili au ya tatu rudi. Si kwa sababu fundi anataka hela, ingawa anataka. Ni kwamba ule mgongo mnene uliowekwa katikati umeshasogea mbele na uzito umehama. Na sehemu iliyoachia inaondolewa yote kabla ya kujaza. Usimwage gundi chini yake! Unafungia maji ndani. Ukiona rangi ya kijani, watu wanasema fangasi, mara nyingi ni bakteria anayeitwa Pseudomonas, anapenda unyevu uliofungiwa. Hapo hakubandikwi kitu, bandua, iache ikauke, na ikiuma au kuvimba nenda zahanati.

Wateja sasa, nyumbani. Glovu za mpira za kufulia na kuoshea vyombo, zipo madukani kote. Sabuni ya unga, dawa ya kutakatisha nguo, kukuna nazi, kuparua samaki, vyote na glovu. Kopo la soda fungua kwa kijiko. Mafuta ya nazi kila usiku pale mzizini, ndiyo, yanasaidia kucha na ngozi zisikauke, ila siku ya kuja kwangu usiyaguse. Ile kucha ya kijiwe iliyoinuka kidogo usiikwanyue ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Najua inavuta mkono. Usiguse.

Na kuna dada zangu wanabandika siku za hedhi tu, siku ya saba wanataka kuswali, basi wanazing'oa kwa meno. Suala la udhu muulizeni sheikh, mimi najibu la kucha. Ukiing'oa inaondoka na tabaka zako za keratini, na mwezi ujao hata nikikuandaa vipi haitashika vizuri, kisha utasema fundi mbovu. Mwambie fundi mapema kwamba ni za siku sita, akuwekee zinazotoka kirahisi, na uje azitoe kwa asetoni, pamba na karatasi ya foili, taratibu.

Imekwisha? Bado nilikuwa na praima, ile ya kupaka kabla ili bidhaa ishike, na mambo ya gundi ya kucha kuunguza kidole ikigusa pamba. Haya, si leo. Naomba mkono mmoja tuonyeshe kwa vitendo. Wewe dada wa mstari wa pili, wa kitenge cha njano, njoo. Karibu. Kaa hapa. Mbona mkono unateleza? Umepaka nini? Mafuta ya nazi, asubuhi hii hii.

Jamani leteni sabuni, na soda moja.