Akufukuzaye Hakwambii Toka: Kesi ya Andrew Beckett

MWANAIDI: Karibu tena msikilizaji. Mimi ni Mwanaidi, nipo na kaka Gervas kama kawaida. Leo tuna filamu moja tu mezani: Philadelphia, ya mwongozaji Jonathan Demme, iliyotoka Desemba 1993. Tom Hanks yumo, Denzel Washington yumo. Tutaisimulia mpaka mwisho wake, kwa hiyo kama hujaiona, simamisha hapa, kaitazame, halafu urudi.

GERVAS: Na ukirudi usituambie ni filamu ya ugonjwa. Watu wengi wanaikumbuka kwa vile Hanks alivyokonda. Mimi nasema hii ni filamu ya kesi ya kazi. Mtu kaachishwa kazi, anataka mahakama iseme kwa nini.

MWANAIDI: Ndiyo maana nikakusumbua tuifanye. Kwa wageni wa kipindi hiki, kazi yangu ya mchana ni kuwasimamia wafanyakazi kwenye migogoro na waajiri wao. Kesi ya Beckett nimeitazama kwa jicho hilo. Hebu wape kisa, kaka, kwa kifupi.

GERVAS: Andrew Beckett ni wakili kijana kwenye kampuni kubwa ya mawakili mjini Philadelphia. Anang'aa, mabosi wanampenda, bosi mkuu Charles Wheeler anamkabidhi kesi ya mteja mzito kabisa. Kitu ambacho mabosi hawakijui ni kwamba Andrew ana UKIMWI, na ni mwanaume anayeishi na mpenzi wake mwanaume. Sasa jioni ileile anapopewa ile kesi, mmoja wa wakubwa anaona alama kwenye paji la uso wake, doa la ngozi linaloletwa na UKIMWI, anamuuliza hiyo nini. Andrew anasema alipigwa na mpira mchezoni. Muda si mrefu baadaye, hati ya madai ya ile kesi inapotea. Kwenye kompyuta haipo, nakala ya karatasi haipo. Inapatikana dakika za mwisho, muda wa kufungua shauri ukiwa ukingoni. Siku inayofuata anaitwa kwenye chumba cha mikutano, wakubwa wamekaa wote, anaambiwa kazi basi.

MWANAIDI: Na sababu wanayompa?

GERVAS: Uzembe. Kwamba siku hizi hayuko makini.

MWANAIDI: Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Nimesoma barua nyingi sana za kuachishwa kazi, na sijawahi kuona iliyoandikwa "tunakuondoa kwa sababu umeathirika". Haipo. Utaona "utendaji hauridhishi", utaona "kupunguza wafanyakazi", na ukitazama waliopunguzwa ni yeye peke yake. Nilikuwa na mteja, mpishi, mahali sitapataja. Kabla ya barua kuja, kikombe chake cha chai kilikuwa kimeshapakwa rangi ya kucha kwenye mkono wa kushikia, ili wenzake wasikichanganye na vyao. Barua ilikuja kusema anachelewa kazini.

GERVAS: Kikombe kilitangulia barua.

MWANAIDI: Kilitangulia kwa miezi. Sasa utathibitishaje mbele ya mtu anayetaka ushahidi kwamba kile kikombe na ile barua vimetoka kwenye moyo mmoja? Kwangu hiyo ndiyo filamu yote. Na Andrew ana mzigo mkubwa zaidi ya mteja wangu, kwa sababu Marekani, sehemu kubwa ya ajira, mwajiri anaweza kukuachisha hata bila kutoa sababu, ilimradi isiwe sababu ambayo sheria imeikataza. Kwa hiyo ni Andrew anayepaswa kuthibitisha kwamba walijua anaumwa, na kwamba walimwondoa kwa sababu hiyo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeuweka mzigo upande wa pili. Mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Na sheria hiyohiyo inataja VVU na UKIMWI kwa jina kati ya mambo ambayo huruhusiwi kumbagua mtu kwayo.

GERVAS: Twende ofisini kwa Joe Miller, maana hapo Denzel anafanya kazi kubwa. Miller ni wakili wa kesi za ajali, wa matangazo ya televisheni. Andrew ameshakataliwa na mawakili kadhaa kabla ya kufika kwake. Anaingia amevaa kofia, wanapeana mikono, Miller anamuuliza uso umefanyaje. Andrew anasema: nina UKIMWI. Kuanzia hapo tazama macho ya Denzel. Andrew anaweka kofia mezani, macho yanaenda kwenye kofia. Anagusa sigara zilizo mezani, macho yanaenda kwenye sigara. Miller ana mtoto mchanga nyumbani, unaona kabisa anachowaza. Halafu kesi anaikataa, na anakwenda moja kwa moja kwa daktari kuuliza kama kupeana mkono kunaambukiza.

MWANAIDI: Na daktari anaanza kumwandaa kumtoa damu, anadhani anaulizia mambo yake mwenyewe.

GERVAS: Anakasirika! Ile hasira nimeiona kwa watu ninaowapenda. Hata leo, wakati dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure kituo cha afya na mtu anazeeka nazo akilea wajukuu, bado unasikia "yule ana ngoma" kwa sauti ya chini, na kiti cha jirani kinasogezwa. Mwaka 1993 dawa hizo za mchanganyiko zilikuwa bado. Zilikuja kubadilisha mambo mwaka 1996. Andrew hakuwa na pa kukimbilia.

MWANAIDI: Tusogee maktaba. Kama una muda wa onyesho moja tu, tazama hilo. Andrew amekaa na vitabu vya sheria, mgonjwa, anakohoa, ameamua kujisimamia mwenyewe. Mtu wa maktaba anamletea kitabu alichoomba kuhusu ubaguzi wa wenye UKIMWI, halafu anamwambia kuna chumba cha faragha, je, si ungejisikia vizuri zaidi huko? Andrew anakataa. Yule bwana anang'ang'ania. Andrew anamuuliza kama ni yeye bwana ndiye atakayejisikia vizuri. Miller amekaa meza nyingine, amejificha nyuma ya vitabu vyake, anaona kila kitu.

GERVAS: Na Miller ni Mmarekani mweusi. Kutengewa chumba anakujua.

MWANAIDI: Hakuna anayelisema, na halihitaji kusemwa. Anainuka, anakaa mbele ya Andrew, na wanasoma pamoja kesi ya Arline. Hiyo ni kesi ya kweli. Mwalimu wa shule Florida aliyeachishwa kazi kwa sababu ya kifua kikuu, na mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ugonjwa wa kuambukiza unaweza kuhesabiwa ulemavu chini ya sheria ya mwaka 1973, na hofu ya wengine peke yake haitoshi kumwondoa mtu kazini. Kisha wanasoma hoja kwamba UKIMWI nao unalindwa, kwa kuwa chuki inayouzunguka inamuua mtu mbele ya jamii kabla mwili haujafa. Kitabu kinapita mkono hadi mkono, mmoja anasoma, mwenzake anamalizia. Mimi nililia hapo. Hospitalini mwishoni sikulia, nililia maktaba.

GERVAS: Kwa sababu wewe ni mwanasheria, dada.

MWANAIDI: Kwa sababu Miller hajageuka mtu mwema ghafla! Bado hawapendi wapenzi wa jinsia moja, na anamwambia mkewe hivyo waziwazi. Ila amesoma sheria na ameelewa kwamba kilichofanyika ni kosa. Anaanza na haki, upendo unakuja baadaye. Wengi wetu tunasubiri tumpende mtu kwanza ndipo tumtetee.

GERVAS: Nakubali. Sasa mahakamani. Upande wa mabosi unatetewa na Belinda Conine, ameigiza Mary Steenburgen, na mkakati wake ni mmoja: kumgeuza Andrew kuwa mshitakiwa. Alificha ugonjwa. Alikwenda kwenye sinema fulani akakutana na mwanaume asiyemjua. Yaani aliyataka mwenyewe.

MWANAIDI: "Aliupataje?" Swali hilo. Ndiyo maana shahidi ninayempenda kuliko wote ni yule mama, Melissa Benedict. Alikuwa na UKIMWI, alikuwa na alama zilezile usoni, na alifanya kazi na mmoja wa mabosi hao kwenye kampuni nyingine. Kwa hiyo huyo bosi alama zile anazijua. Conine anamtoa Melissa jibu kwamba aliambukizwa kwa kuongezewa damu, ili jopo, wale raia wa kawaida wanaoamua kesi, lione huyu hana kosa, yule ana kosa. Na yule mama anakataa zawadi hiyo. Anasema hajioni tofauti na mgonjwa mwingine yeyote, suala si kuwa na hatia au kutokuwa nayo, yeye anajaribu kuishi tu. Fikiria ujasiri huo. Umepewa nafasi ya kusimama upande wa waliosafishwa, unaiacha.

GERVAS: Halafu kioo. Conine anampa Andrew kioo, anamuuliza akijitazama kwa umbali wa kawaida, anaiona alama usoni? Andrew yuko chini ya kiapo, anakiri haionekani vizuri. Conine anakaa, ameshinda. Miller anaomba kioo hichohicho. Sasa hivi, una alama mahali popote mwilini? Zinafanana na iliyokuwa usoni wakati ule unafukuzwa? Fungua shati. Andrew anafungua vifungo kimoja kimoja na kifua kimejaa. Ukumbi mzima kimya, na Wheeler anatazama.

MWANAIDI: Na Conine ameshamnong'oneza mwenzake kwamba anaichukia kesi hii. Demme hakumfanya shetani, na nampongeza kwa hilo. Ila hoja iliyomaliza kesi, kwangu, si kioo. Ni ile ya kwenye chumba cha jopo. Mabosi walijitetea kwamba kesi kubwa walimpa Andrew ili kumtia moyo, kumjaribu. Kiongozi wa jopo anasema: kama ningekuwa na ndege ya kivita ya mamilioni ya dola na ninaipeleka kwa adui, nimpe rubani ninayemtilia shaka nione kama ataiweza, au nimpe bora niliye naye? Ni hoja ya raia wa kawaida, na ni sheria tupu. Ulimwamini Jumatatu kwa kitu chako cha thamani kuliko vyote, uzembe ameupata lini?

GERVAS: Lakini ushindi wenyewe, dada, mimi umenikera. Mamilioni ya dola, na Andrew anauona akiwa hai.

MWANAIDI: Hapo nakuunga mkono, maana maisha halisi hayakuwa hivyo. Kulikuwa na wakili wa New York, Geoffrey Bowers, aliyeachishwa kazi na kampuni ya Baker & McKenzie mwaka 1986 baada ya alama kuanza kuonekana usoni. Alifungua malalamiko kwenye idara ya haki za binadamu ya jimbo, akatoa ushahidi wake, akafariki mwaka 1987. Uamuzi ulitoka Desemba 1993, fidia dola 500,000. Desemba ileile filamu ilipoingia majumba ya sinema! Familia yake iliwashitaki watengenezaji kwamba wametumia kisa cha ndugu yao bila kuwatambua, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1996. Kuna na Clarence Cain, wakili wa Philadelphia kwenyewe, yeye alishinda mwaka 1990.

GERVAS: Miaka sita mtu yuko kaburini ndipo anaambiwa ulikuwa na haki. Filamu ingethubutu kutuonyesha hilo. Na ingetuonyesha nyumba ya Andrew na mpenzi wake Miguel zaidi. Antonio Banderas, ndiye Miguel, yupo, anamhudumia, anagombana naye kuhusu dawa, halafu kamera inaondoka kila wanapokaribiana. Familia ya Andrew inamkubali yote, mama, baba, ndugu, hakuna hata mmoja anayenuna. Familia gani hiyo?

MWANAIDI: Sasa hapo nakupinga. Yule mama, Joanne Woodward, anaposema hakulea watoto wake wakae nyuma ya basi, kama watu weusi walivyolazimishwa zamani huko Marekani, mimi nilihitaji kumwona mama wa namna hiyo hata kama ni mmoja kati ya mia. Wagonjwa wangapi wametengwa kwao kwanza, kazini baadaye?

GERVAS: Namhitaji na mimi. Nataka tu na yule mwingine awepo. Ila jambo moja nililiheshimu: Bob Seidman, yule bosi anayekiri kizimbani kwamba alihisi Andrew anaumwa akanyamaza, na anajutia. Aliyemwigiza, Ron Vawter, alikuwa mwenyewe anaishi na VVU. Alifariki mwaka 1994. Ukijua hilo, maneno yake ya kizimbani yanakuingia vingine kabisa.

MWANAIDI: Hanks alipata Oscar ya mwigizaji bora, na wimbo wa Bruce Springsteen ukapata ya kwake. Vizuri. Ila kaka, kabla hatujafunga, kuna ujumbe wa msikilizaji, mwanamke wa Mwanza. Anasema meneja alisikia habari zake, na sasa amehamishwa kitengo bila maelezo, anaogopa barua iko njiani. Anauliza afanye nini.

GERVAS: Mjibu wewe.

MWANAIDI: Dada yangu, anza leo kuandika. Nani alisema nini, tarehe gani, nani alikuwepo. Barua zako za sifa na tathmini nzuri za nyuma, zitoe nakala uziweke nyumbani, maana wakisema uzembe, hizo ndizo zitakazouliza umeanza lini. Usisaini barua ya kuacha kazi kwa hiari hata wakikuahidi nini. Na ikija ya kukuachisha, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zinahesabiwa. Ofisi Mwanza ipo. Namba yangu nimekutumia kwenye ujumbe, nipigie hata usiku.