Lipu Ikibanduliwa: Kukarabati Nyumba ya Mji Mkongwe

Assalaam aleykum, wazee wangu, mama zangu, na nyote mlioacha shughuli zenu jioni hii.

Najua wengi mmekuja kuuliza gharama na muda. Nitaanza na ukuta, maana jibu limejificha humo.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi, nao unapumua: unyevu unaingia, jua likiwaka unatoka. Ukiupiga lipu ya saruji, maji hupenya kwenye nyufa yakakosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya, udongo wa ndani hulainika, lipu huvimba. Nyumba ya marehemu mama yangu tuliipiga saruji, tukaona tumeimaliza kazi. Masika ya pili yalipokuja, ukuta wa chumba alicholala ulianza kumenyeka, na tulipobandua tukakuta vichwa vya boriti vimeoza. Fundi alifanya tulichomwagiza. Haraka ilikuwa yetu, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Basi jueni kwamba bei ya mwanzo haitakuwa ya mwisho. Hakuna fundi anayekiona kichwa cha boriti kabla ya lipu kutoka. Boriti za mikoko huwa na urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Ncha iliyozama ukutani ndiyo inayobeba ghorofa, na ndiyo inayooza kwanza. Wekeni akiba ya boriti, msiiguse kununulia marumaru. Na fundi alipwe kwa hatua iliyokwisha, kwa maandishi. Akikuta jambo jipya, asimame akuite.

Muda ni wa chokaa. Hupigwa tabaka moja, likasubiriwa likakauka taratibu, ndipo lije jingine, ukiharakisha litapasuka. Anzeni kipupwe kikiingia, mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha, kwa sababu dari ikifunguliwa mvua haina huruma. Watoto na wagonjwa wahamie kwa jamaa, vumbi ni jingi. Jirani mnayechangia naye ukuta aambiwe mapema. Kibali ni lazima: mji huu ni Urithi wa Dunia tangu 2000.

La mwisho ni zito. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la hapa hapa Mji Mkongwe, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Vibarua wetu ni watoto wa watu. Kabla ya kutoa boriti hata moja, ghorofa iegemezwe kwa nguzo imara kutoka chini hadi juu. Mkiona kazi imeanza bila nguzo, isimamisheni saa ile ile, hata kama fundi atakasirika.

Waliokuja na picha za kuta zao wasogee mbele, tuzitazame moja moja.