Mashua Iliyopanda Gurudumu

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kassim, Jumamosi nimeinuliwa mita 24 nikiwa ndani ya mashua.

KASSIM: Nimeziona picha, dada. Gurudumu la Falkirk, hukohuko kwako Uskoti, linaloinua mashua kutoka mfereji mmoja hadi mwingine.

ZUHURA: Treni kutoka Glasgow, halafu mguu. Mashua inaingia kwenye beseni kubwa la chuma, lango linafungwa nyuma yenu, maji yanabaki nanyi humo. Kisha gurudumu zima linazunguka, polepole! Chai yangu haikutikisika kikombeni. Dakika kama tano mko juu, na beseni la pili limeshuka upande wa pili.

KASSIM: Mimi umeme wake ndio umeninyima usingizi. Kilowati-saa 1.5 kwa nusu mzunguko. Wanasema ni kama kuchemsha birika nane.

ZUHURA: Kwa sababu mabeseni yanalingana kama mizani. Kila moja lina maji lita 250,000, na hata mashua ikiingia, uzito ni uleule.

KASSIM: Hapo ndipo niliposema naleta sufuria.

ZUHURA: Umeileta kweli?

KASSIM: Iko juu ya mizani ya jikoni, maji hadi ukingoni. Kilo 3 na gramu 200. Sasa naweka bakuli lielee, lina chumvi ndani...

[maji yanamwagika]

ZUHURA: Soma!

KASSIM: Kilo 3 na gramu 200. Palepale, dada! Bakuli limefukuza maji ya uzito wake.

ZUHURA: Ndiyo kanuni ya Archimedes hiyo.

KASSIM: Naongeza chumvi... Palepale! Ngoja nitie kijiko.

ZUHURA: Kijiko kitazama.

KASSIM: Kimezama. Eh, uzito umepanda kidogo. Kumbe sharti kitu kielee!

ZUHURA: Toa waya wa maikrofoni kwenye maji kwanza, tafadhali.

KASSIM: Nimetoa. Lakini dada, ulipandia wapi?

ZUHURA: Chini, gatini.

KASSIM: Ukashukia?

ZUHURA: Hapohapo. Juu tulipita handaki linalopita chini ya Ukuta wa Antonine, wa Warumi, tukageuza.

KASSIM: Basi hiyo ni bembea. Kwetu Lamu, aliyepanda jahazi anapokewa ng'ambo.

ZUHURA: Sikubali. Zamani palikuwa na malango 11 ya maji, mashua inapanda ngazi kwa ngazi karibu siku nzima. Yakavunjwa 1933, njia ya maji kati ya Glasgow na Edinburgh ikakatika mpaka gurudumu lilipofunguliwa 2002. Mbele yetu walikuwepo mzee na mkewe, mashua yao ina vyungu vya maua juu ya paa, wanakwenda Edinburgh. Hao hawasafiri?

KASSIM: Hao wanasafiri. Wewe ulipandishwa, ukashushwa.

ZUHURA: Gurudumu lilelile, maji yaleyale!

KASSIM: Ila wao watafika.

ZUHURA: Nimetoka mfereji mmoja nikaingia mwingine, Kassim. Nimesafiri.

KASSIM: Hujasafiri, dada.

ZUHURA: Haya. Nilikuwa na mambo matatu ya kujifunza kwa wahandisi wale. La kwanza, boliti zaidi ya 14,000, zimekazwa kwa mkono, maana chuma kinachogeuzwa juu chini kila siku, kikiungwa kwa kulehemu...

KASSIM: Imebaki nusu dakika.

ZUHURA: Nusu dakika! Na mawili yaliyobaki?

KASSIM: Meza yote imelowa, dada, nami sijajaribu kifuu cha nazi.

ZUHURA: Kielee, Kassim. Kiweke juu ya maji halafu usome.