Mount Kembla: Msitu Juu, Uwazi Chini

Ndugu wasikilizaji, ukipandisha kutoka mji wa Wollongong, kusini mwa Sydney, unafika Mount Kembla: kijiji kidogo, kanisa, hoteli ya zamani, na msitu kila upande. Mgeni atadhani ni mahali pa mapumziko. Huo msitu usiwadanganye. Mgodi wa makaa ya mawe ulifunguliwa hapa mwaka 1883 na kufungwa 1970, na reli ilikuwa ikishusha makaa hadi gatini, Port Kembla.

Miaka hiyo yote naiacha, nakaa na siku moja: tarehe 31 Julai 1902, saa nane mchana. Mgodi ulilipuka, wakafa watu 96, wanaume na vijana. Australia haijapata ajali ya kazini iliyoua wengi kuliko hao.

Wengi hudhani wachimbaji walitoboa mahali penye gesi. Hapana. Balaa lilitoka pale walipokwisha kuchimba zamani. Makaa yakitolewa hubaki uwazi, na huu ulikuwa wa ekari kama 35. Mwamba wa juu uliporomoka, ukaisukuma gesi hadi njia kuu, ambako vijana walikuwa wakiswaga farasi wa kuvuta magari ya makaa. Taa zao zilikuwa za moto wa wazi. Tuseme vibatari tu. Gesi ikalipuka, vumbi la makaa likatimka na kuwaka, mlipuko ukazaa mlipuko. Hata hivyo, wengi hawakuuawa na moto. Waliuawa na kaboni monoksaidi, ileile inayomaliza familia iliyojifungia na jiko la mkaa usiku wa baridi.

Henry MacCabe, aliyewahi kuwa meya wa Wollongong, aliingia kuokoa. Kazi hiyo aliijua: alikuwapo Bulli, jirani tu, mlipuko ulipoua 81 mwaka 1887. Safari hii gesi ilimmaliza yeye na mwokoaji mwenzake. Nao wamo katika wale 96.

Sasa lililo zito. Uongozi ulikuwa umeshikilia kwamba mgodi huu hauna gesi. Tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti mwaka 1903, ilisema taa za usalama, zile ambazo moto wake umezingirwa usiifikie gesi, ndizo pekee zingewanusuru. Na taa hizo hazikuwa ngeni, zilibuniwa Uingereza tangu 1815! Baadaye meneja alisimamishiwa cheti chake cha kazi kwa miezi 12. Miezi 12, kwa roho 96. Hesabu hiyo pigeni wenyewe, mimi imenishinda.