Kigaga: Jeraha Likaushwe au Lifunikwe?

AKINYI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kisumu na kwingineko. Leo tulikusudia kueleza magonjwa matatu yanayochelewesha vidonda kupona, lakini Barasa ametoka Mumias na jambo lililomkaa moyoni.

BARASA: Asante, dada. Jumamosi mpwa wangu alijikata muundi kwa panga akivuna miwa. Mkato haukuhitaji kushonwa, ila muuguzi aliusafisha vizuri, akamdunga sindano ya pepopunda kwa kuwa bakteria wake hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, kisha akaufunga kwa shashi. Nilipofika Jumatatu, nyanya yake alikuwa ameshaifungua bendeji ili jeraha lipate upepo, na pembeni palikuwa pekundu, pana joto, pamevimba kidogo.

AKINYI: Wekundu mdogo wa siku ya pili haunitishi. Mishipa midogo hupanuka ili damu nyingi ifike, na kuta zake hulegea hadi majimaji na chembe nyeupe zikapenya. Nyutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe za damu, hutangulia katika saa chache, humeza bakteria na kufa kwa wingi, na mabaki yao ndiyo sehemu kubwa ya usaha. Baada ya siku mbili hivi makrofaji, seli kubwa zinazomeza mabaki, hushika zamu, husafisha uwanja na kuziita seli zinazofuma kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi nguvu. Mimi huogopa wekundu unaoenea, maumivu yanayozidi na homa inayopanda. Kwa hiyo nyanya hakukosea kuliacha jeraha likauke na kufanya kigaga.

BARASA: Alikosea, Akinyi. Kigaga ni damu na majimaji yaliyokauka, na seli za ngozi zinazotoka ukingoni haziwezi kutambaa juu ya ukavu huo. Hulazimika kuchimba njia chini yake. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba majeraha aliyoyafunika kwa utando wa plastiki yaliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu maradufu kuliko yale yaliyoachwa yakauke.

AKINYI: Hayo yalikuwa majeraha ya juujuu, nao nguruwe walikuwa mikononi mwa watafiti. Namfikiria mvuvi wa Dunga anayeingia ziwani alfajiri, bendeji ikalowa, naye akakaa nayo hadi inuke kwa sababu pesa iliyopo ni ya unga. Kigaga hakinunuliwi, na kikiwa kimeshika vizuri huwazuia vijidudu kuingia.

BARASA: Kigaga cha mvuvi huyo nacho kitalainika majini na kubanduka anapovuta wavu, jeraha lianze kutoka damu upya. Unalinganisha bendeji mbovu na kigaga kizuri, na huo si mzani wa haki.

AKINYI: Nalinganisha vitu jinsi vinavyopatikana nyumbani kwa watu.

BARASA: Nyumbani kuna kitambaa cha pamba kinachoweza kuchemshwa na kukaushwa vizuri, na kuna mafuta ya mgando ya kuzuia kitambaa kisigandamane na jeraha. Kikibadilishwa kila siku, kinatosha.

AKINYI: Mafuta ya kopo ambalo watoto wote wameshatia vidole?

BARASA: Basi linunuliwe kopo dogo la jeraha peke yake.

AKINYI: Umerudi palepale kwenye kununua. Wasikilizaji wanakujua tangu kile kipindi cha homa ya watoto: ukishashika utafiti mmoja huuachi.

BARASA: Siuachi kwa sababu watu wanabaki na makovu mapana na siku nyingi za maumivu zisizo na lazima. Sikubali.

AKINYI: Wala mimi. Lakini fundi mitambo ameinua vidole viwili, na hatujagusa kisukari, selimundu wala utapiamlo.

BARASA: Dakika mbili hazitoshi yote. Tuseme kisukari pekee.

AKINYI: Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva za miguu, hata mtu akakanyaga msumari asiuhisi, hubana mishipa ya damu na kuzidhoofisha zile nyutrofili, hivyo kidonda kidogo huweza kufika hadi mfupani bila uchungu wa kumwonya mwenyewe.

BARASA: Na huyo utamwambia aache kidonda cha mguu kikauke?

AKINYI: Huyo nitampeleka kliniki siku hiyohiyo, na wanaouguza vidonda hivyo kila siku ndio watakaoamua. Mpwa wako ni kijana mwenye afya.

BARASA: Ngozi ni ngozi, Akinyi, na seli zake hutambaa vilevile.

AKINYI: Muda umekwisha. Selimundu na utapiamlo ni wiki ijayo.